Wiki Mbili za Kwanza za Kidonge

Ndani ya pakiti ya naltreksoni huwa mna karatasi nyembamba iliyokunjwakunjwa, ya Kiingereza, yenye herufi ndogo za kumtesa hata mwenye macho mazima. Karatasi hiyo hutaja utafiti wa usalama uliohusisha takriban watu 570 wenye ugonjwa wa ulevi. Katika kila 100, watu 10 walipata kichefuchefu, 7 waliumwa na kichwa, 4 walishikwa na kizunguzungu, 4 walilegea mwili, 3 walikosa usingizi na 3 walitapika. Walio wengi, basi, dawa iliwapokea vizuri. Lakini mkulima wa Garsen aliyemeza kidonge chake cha kwanza Jumatatu akatapika Jumanne hana habari na hao walio wengi. Anachojua ni kwamba alipewa dawa na dawa ikamgeuza tumbo. Jumatano akipita mangweni ataulizwa alipotelea wapi, atasimulia yaliyompata, na kabla ya magharibi kijiji kizima kitakuwa kimeambiwa kuwa dawa ya kuacha pombe ni sumu.

Mazungumzo ya leo ni ya mtu huyo na ya siku zake hizo chache. Dawa za kupunguza ulevi zipo na zimejaribiwa. Mwezi wa Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza mbili kati yake, naltreksoni na akamprosati, katika orodha ya dawa muhimu ambazo kila nchi inahimizwa kuwa nazo. Hapa Kenya, sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inamtambua mwenye ugonjwa wa pombe kuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Yote hayo ni mema. Ila matibabu haya huvunjikia nyumbani, ndani ya wiki mbili za kwanza, wakati mwili unalalamika na hapana mtu wa kuulizwa.

Na Tana River ni kaunti ambayo mtu wa kuulizwa yuko mbali. Ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na sensa ya 2019 iliwahesabu humo watu 315,943 tu. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Kupanda kwenda hospitali ya rufaa ya Hola ni yapata masafa hayohayo. Watu wa delta ya mto Tana wana hospitali ya Ngao, iliyo karibu kidogo, lakini kwa aliyeko Ozi au Kipini hata Ngao ni safari ya kupangwa, ya bodaboda na pengine ya mtumbwi. Mgonjwa akikabidhiwa dawa ya mwezi mzima pamoja na tarehe ya kurudi, kati ya siku hizo mbili amebaki yeye, watu wake wa nyumbani na kidonge.

Pombe yenyewe haiko mbali hata kidogo. Kuna tembo linalogemwa kwenye mikoma na mikindu ya kandokando ya mto, kuna mnazi unaopandishwa kutoka upande wa Kilifi, kuna chang'aa, ambayo sheria ya vileo ya 2010 iliiruhusu kwa leseni na bado inapikwa vichakani bila leseni yoyote. Kuna na vichupa vya madukani vya bei ya chini. Uchunguzi wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta kwamba asilimia 12.2 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia pombe, yaani kama watu milioni 3.2. Katika delta hii wanakoishi Wapokomo, Waorma na Wawardei, wako wanaokunywa hadharani chini ya mwembe na wako wanaokunywa gizani kwa sababu dini yao na wazee wao hawatalisamehe jambo hilo. Huyu wa pili ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi. Akitapika kwa sababu ya dawa, hawezi hata kumwambia ndugu yake anatibiwa nini.

Kabla ya kuilaumu dawa, lipo jambo moja la kupambanua, na wengi hulikosea. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, mwili wake hugoma. Saa chache baada ya glasi ya mwisho mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, tumbo huchafuka, usingizi humkimbia. Walevi wanaijua hali hiyo, ndiyo maana asubuhi hutafuta kikombe cha kutoa loki. Sasa mtu huyohuyo akiacha pombe siku moja na kuanza kidonge siku ileile, atakayoyaona yote atayabandika kwa kidonge. Kumbe kidonge hakina hatia, au kina sehemu ndogo tu.

Tofauti yake inaonekana kwa saa. Kichefuchefu cha naltreksoni hufuata kidonge, hukaa kwa muda kisha hulegea, na kesho yake huja tena baada ya kidonge kingine, kikiwa hafifu zaidi siku baada ya siku. Mtetemeko wa kuacha pombe haujali saa ya dawa. Huanza mapema, hukolea siku ya pili na ya tatu, na hapo ndipo penye hatari ya kweli: degedege linaweza kumwangusha mtu ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani na kusikia sauti. Hali hiyo huua. Naltreksoni haiitibu. Inatibiwa hospitalini kwa dawa za jamii ya diazepamu chini ya uangalizi, pamoja na vitamini ya thiamini, ambayo miili ya wanywaji wengi imepungukiwa nayo. Kwa hiyo aliyewahi kuanguka degedege alipoacha pombe, au anayeamka akitetemeka kila siku, asijaribu kuacha peke yake shambani kwa ushujaa. Aende kituo cha afya kwanza.

Turudi kwa naltreksoni, kwa kuwa ndiyo inayomfaa sana mtu anayetaka kupunguza kabla hajawa tayari kuacha kabisa. Pombe ikiingia mwilini, ubongo hutoa kemikali zake wenyewe za raha, zinazofanya kazi kwa mfano wa mofini. Naltreksoni huzitangulia kemikali hizo na kuketi mahali pake. Mtu anakunywa, ila ile raha inayomwita kwenye glasi ya tatu na ya nne inakosa nguvu. Mwaka 1992 makundi mawili ya watafiti wa Marekani, moja la Joseph Volpicelli huko Philadelphia na jingine la Stephanie O'Malley wa Chuo Kikuu cha Yale, yalionyesha kwamba waliopewa dawa hii walirudia ulevi mzito kwa uchache kuliko waliopewa kidonge kitupu. Desemba 1994 Marekani ikaidhinisha itumike kwa ulevi. Huko Finland mtafiti David Sinclair alipendekeza njia nyingine, kwamba mtu aimeze yapata saa moja kabla ya kunywa, ili ubongo usahau polepole uhusiano wa pombe na raha.

Dawa hii si muujiza, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa hivyo. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2023 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, yalijumlisha majaribio 118. Yalionyesha kwamba wakitibiwa watu 11 kwa naltreksoni ya kumeza, mmoja zaidi ataepuka kurudia unywaji mzito kwa sababu ya dawa hiyo. Mtu mmoja kati ya kumi na mmoja ni faida inayolingana na ile ya dawa nyingi zinazoheshimiwa katika magonjwa mengine sugu. Anayeahidiwa kwamba kiu itakatika siku ya kwanza atavunjika moyo siku ya tatu, na kichefuchefu kitakuwa kisingizio tosha.

Namna ya kukipunguza kichefuchefu inajulikana, na haina gharama. Kwanza ni kuanza kidogo. Kidonge cha kawaida ni miligramu 50, na matabibu wengi huanza na nusu yake, miligramu 25, kwa siku kadhaa, kisha wakapandisha. Mgonjwa aliyeandikiwa kizima na kikamtapisha ana haki ya kurudi au kupiga simu na kuuliza kama anaweza kushuka hadi nusu. Pili ni tumbo. Walevi wengi hawali asubuhi, na kidonge kikitua katika tumbo tupu lililochubuliwa na chang'aa usiku kucha, kitazua vita. Kimezwe baada ya chakula hasa: wali na kambare, ndizi za kupika, ugali na kiporo cha mchuzi, au ikikosekana yote, maziwa na mkate. Tatu ni saa. Anayesinziwa na dawa aimeze usiku baada ya chakula; anayekoseshwa usingizi aimeze asubuhi. Kwa anayetafuna miraa hadi usiku wa manane, lawama ya usingizi isiende kwa kidonge peke yake.

Kuna tena joto la Garsen. Kati ya Januari na Machi jua la hapa humkausha hata mtu mzima wa afya. Mwenye kutapika mara mbili au kuharisha, na bado anapalilia mpunga, atapata kizunguzungu na maumivu ya kichwa yatokanayo na upungufu wa maji tu. Maji safi, uji mwepesi, na pakiti ya chumvichumvi za kuongezea maji ambayo kila zahanati huwapa watoto wanaoharisha, vinamfaa mtu mzima vilevile. Kichwa kikiuma, vidonge vya paracetamol vichache kwa kipimo vinatosha, lakini mnywaji mzito amuulize tabibu kiasi chake, kwa kuwa ini lililoumizwa na pombe halivumilii paracetamol nyingi.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Naltreksoni humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo baada ya futari inaingia vizuri bila kumpotezea mtu saumu yake. Dawa nyingine za mara tatu kwa siku zinahitaji mazungumzo na tabibu mapema, Shaaban haijaisha, na si mgonjwa kuamua peke yake kurukaruka siku.

Lakini athari kubwa kuliko zote za naltreksoni haionekani mpaka siku ya ajali. Kwa kuwa inakalia mahali pa mofini, inazizuia pia dawa zote za jamii ya mofini: kodeini, tramadoli, methadoni, hata loperamidi ya kuzuia kuhara hupungua nguvu. Dereva wa bodaboda aliyeanguka kwenye barabara ya Malindi na kuvunjika paja, naye anatumia naltreksoni, anaweza kudungwa sindano ya maumivu isimsaidie kitu, na wahudumu wakashangaa. Anayetumia dawa hii atembee na kikaratasi mfukoni, kando ya kitambulisho, kimeandikwa jina la dawa na kipimo. Mkewe ajue. Rafiki wa kituoni pake ajue.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mzito zaidi. Pwani yetu ina heroini, na Malindi imekuwa na kliniki ya methadoni ya kuwatibu watumiaji wake tangu 2015. Mtu aliye kwenye methadoni, anayetumia heroini, au aliyezoea vidonge vya tramadoli, akimeza naltreksoni ataingia kwenye uchungu mkali wa kukatwa dawa ndani ya dakika chache. Anatakiwa awe amekaa siku 7 hadi 10 bila dawa hizo kwanza, na kwa methadoni siku huwa nyingi zaidi. Wapo wanaoificha tramadoli kwa tabibu kwa sababu waliona aibu ya pombe peke yake inatosha. Hapa aibu hiyo inaweza kumlaza mtu hospitalini, na tabibu mwema huuliza swali hili kwa upole, mlango ukiwa umefungwa, mama mkwe akiwa nje.

Dawa ya pili inayosikika sana, na pengine ndiyo kongwe kuliko zote, ni disulfiramu. Historia yake ilianzia viwandani, ambako kemikali za aina hiyo zilitumika kutengeneza mpira, na wafanyakazi waliogusana nazo wakaanza kuugua kila walipokunywa bia. Miaka ya 1940 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo. Wakaimeza wenyewe kupima usalama wake, kisha wakaugua vibaya walipoonja kileo. Wakaelewa walichokipata, na mwaka 1948 wakauchapishia ulimwengu matokeo yao.

Kazi yake ni ya kutisha kwa makusudi. Huzuia ini lisimalize kuisaga pombe, na sumu iitwayo asetaldehidi hujaa mwilini. Uso huwaka mwekundu, kichwa hupiga, mtu hutapika, moyo hukimbia, shinikizo la damu huporomoka. Kwa mwenye moyo dhaifu inaweza kuwa mwisho wake. Haimezwi kabla ya saa 12 kupita tangu kinywaji cha mwisho, na nguvu yake inaweza kudumu hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo disulfiramu ni ya aliyeamua kuacha kabisa. Anayetaka kupunguza tu asiiguse.

Hapa inabidi kusema waziwazi jambo linalotendeka majumbani. Kuna wake, akina mama na madada waliochoka, wanaouziwa unga wa kuacha pombe na watu wa matangazo ya kubandika kwenye nguzo, wakaambiwa wautie kwenye chai au mchuzi wa mlevi bila yeye kujua. Uchungu wao unaeleweka na hauna wa kuubeza. Mwanamke aliyeuziwa mbuzi wake wa ada ya shule kwa ajili ya chupa ana haki ya kutafuta njia yoyote. Lakini njia hii inaweza kumfanya muuaji bila kukusudia. Unga usio na jina unaweza kuwa kitu chochote. Na ikiwa ni disulfiramu kweli, mtu asiyejua kwamba ameimeza atakwenda kunywa kama kawaida yake, na mwili wake utaangushwa mahali ambapo hapana hata mmoja anayejua sababu. Maelezo ya dawa hiyo yenyewe yanakataza kabisa mtu kupewa bila kujua na bila ridhaa yake.

Aliyeridhia naye ana mengi ya kuangalia. Tembo changa la asubuhi, ambalo wengine hulichukulia kuwa soda, lina pombe ya kutosha kumwangusha. Baadhi ya dawa za kikohozi za maji zina pombe, na dawa za kusukutua kinywa pia. Siki na achari za siki zinaweza kumsumbua. Muhimu kuliko yote kwa nchi yetu ni metronidazoli, inayojulikana kila kemisti kwa jina la Flagyl, inayonunuliwa kwa tumbo la kuhara bila kuuliza. Haitakiwi kuchanganywa na disulfiramu, kwa kuwa mchanganyiko huo umewahi kuwavuruga watu akili. Anayetibiwa kifua kikuu kwa dawa yenye isoniazidi naye amwambie tabibu, maana zikikutana mtu anaweza kuyumba mwendo na kubadilika tabia. Disulfiramu yenyewe, hata bila tone la pombe, huweza kuacha ladha ya chuma au kitunguu saumu mdomoni na kumfanya mtu asinzie, hayo hupungua. Nyayo kufa ganzi au kuwaka moto si la kungojea. Wala macho kuwa manjano.

Akamprosati inahitaji maneno machache. Ni ya waliokwisha kuacha na wanaotaka wasirudie, humezwa vidonge viwili mara tatu kwa siku, na lalamiko lake kubwa ni kuhara, ambako mara nyingi hutulia baada ya siku za mwanzo. Haipiti kwenye ini, jambo jema kwa mlevi. Inatolewa na figo. Katika delta yetu ambamo kichocho cha mkojo kimekaa vizazi kwa vizazi, na ambacho kisipotibiwa muda mrefu huharibu kibofu na figo, aliyewahi kukojoa damu alitaje hilo kabla ya kuandikiwa dawa hii.

Sasa kuna athari moja isiyoandikwa kwenye karatasi yoyote ya dawa, nayo huwashinda wengi kuliko kichefuchefu: ni kukataa kikombe mbele ya watu. Tembo hunywewa matangani, kwenye mahari, kwenye kusuluhisha kesi ya mpaka wa shamba. Anayekataa huonekana amejitenga, pengine anawaona wenzake wachawi. Mwaka 1972 mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha kitabu kuhusu Wagiriama wa Kilifi, majirani zetu wa kusini, kiitwacho Palms, Wine, and Witnesses. Humo alieleza habari za wakulima waliotaka kuweka akiba na kununua minazi, ambao mnazi wa karamu ulikuwa unawamaliza. Baadhi yao waliugua, mganga akapiga ramli, ikasemekana wameingiwa na pepo wa Kiislamu asiyetaka tembo wala chakula najisi. Wakasilimu kama tiba. Tangu siku hiyo walikaa kwenye karamu bila kunywa na hapana aliyewachukia, kwa kuwa aliyekataa alikuwa pepo.

Lililo la kujifunza kwa wakulima hao ni kwamba jamii ya pwani imekuwa ikimpa mtu nafasi ya heshima ya kutokunywa, mradi apewe sababu inayoeleweka. Mgonjwa wa leo anayo sababu ya kweli. Anaweza kusema, "Niko kwenye dawa, daktari amenikataza." Hana haja ya kutaja dawa gani. Na wenzake walioketi kwenye mkeka wanaweza kumsaidia zaidi ya tabibu kwa kumwachia kikombe cha chai bila kumhoji.

Katika wiki hizo za kwanza moyo nao husumbua. Kuna watu wa hapa wanaokunywa juu ya kaburi. Mapigano ya Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, yaliyoanzia kijiji cha Riketa na kuua watu zaidi ya 100 katika delta, yaliacha yatima, wajane na mashahidi ambao hawakupata pa kuyatua waliyoyaona. Pombe ikiondolewa, kilichokuwa kimefunikwa huibuka. Maelezo ya dawa hizi hutaja huzuni na mawazo ya kujidhuru miongoni mwa mambo ya kuchungwa. Iwe inatoka kwenye dawa, iwe ni msiba uliofufuka, mgonjwa anayesema maisha hayana maana apelekwe kwa mhudumu siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Dalili nyingine zisizongoja tarehe ya kurudi ni chache na zinakaririka. Macho au viganja kuwa manjano, mkojo kuwa na rangi ya chai kavu na choo kuwa cheupe, maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu yasiyokoma, kutapika damu, kuvimba uso na midomo, upele wa mwili mzima, degedege. Hayo ni ya kupanda pikipiki usiku. Kichefuchefu, kichwa, uchovu, ni vya kuvumilia kwa chakula, maji na nusu kidonge baada ya kuuliza.

Wa kuuliza anaweza kuwa karibu kuliko tunavyodhani. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, nao wanapita nyumba hadi nyumba Tana River kama kwingineko. Hupima shinikizo la damu, huuliza habari za wajawazito na watoto. Kumwongezea mhudumu huyo swali moja siku ya tatu na jingine siku ya kumi, kwamba kidonge kimekukalia vipi, hakuhitaji jengo jipya. Kwamba watu wasio madaktari wanaweza kazi hii kumeonekana Eldoret, ambako watafiti wakiongozwa na Rebecca Papas, pamoja na mpango wa afya wa AMPATH, waliwafunza washauri wa kawaida kuendesha vikao na wagonjwa wa VVU wanaokunywa, na unywaji ukapungua. Mwenye simu anaweza kupiga 1192 ya NACADA bila malipo. Anayehitaji kulazwa anaweza kuulizia kituo cha NACADA cha Miritini, Mombasa.

Halafu kuna mto. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalifukuza watu majumbani na kukata barabara, ikiwemo ile ya kwenda Lamu pale Gamba. Mgonjwa wa delta ajaziwe dawa mapema mvua zikitabiriwa, na vidonge viwekwe kwenye chombo kisichopitisha maji pamoja na vyeti vya watoto. Ikitokea dawa zimekatika, naltreksoni na akamprosati hazimwangushi mtu kwa kukosekana; kiu tu ndiyo inaweza kurejea. Zikipatikana tena, asimeze mbili kwa moja kufidia siku zilizopita. Ikiwa alipewa tramadoli au kodeini kambini kwa jeraha, aseme hivyo kabla ya kuanza upya naltreksoni, angoje siku atakazohesabiwa na tabibu, kisha aanze tena na nusu kidonge, baada ya kula.